Barua ya Wazi: Gazeti Lililozaliwa Mombasa Lirudi Kusomwa Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa. Kwa Mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa, Nairobi. Kwa wenye kampuni ya gazeti la The Standard. Na kwa mwingine yeyote aliyeshika ufunguo wa stoo yenye magazeti makuukuu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zenu nyingi, wabaadu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale. Sina cheo, sina chama, wala siombi kazi. Nimeshika kalamu kwa sababu ya gazeti.

Si gazeti la jana. Nazungumzia gazeti lililotoka kwa mara ya kwanza hapa kisiwani Novemba 1902, likiwa na jina refu kama gari-moshi la mizigo: The African Standard, Mombasa Times and Uganda Argus. Lilikuwa la Kiingereza, likitoka mara moja kwa wiki, na ndilo hilohilo ambalo vijana wetu wanalifungua kwenye simu leo likiitwa The Standard. Nimesomesha historia miaka zaidi ya thelathini, na kila nilipouliza darasani gazeti hili lilizaliwa wapi, jibu lilikuwa Nairobi. Nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki.

Najua mnapokea barua nyingi na wasaidizi wenu huzisoma mistari ya juu tu, kwa hivyo ombi langu nalitia hapa: mtoto wa Mombasa aweze kuingia maktaba ya Mombasa, aombe gazeti hili la mwaka wowote tangu 1902, alisome bila kulipa senti na bila kupanda ndege. Ombi ni hilo. Yanayofuata ni sababu, na sababu zangu ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Gazeti hili halikuwa la kwanza pwani, na sitaki kulipa sifa isiyo yake. Unguja walikuwa na Gazette yao ya Kiingereza tangu 1892, na hata kabla ya hapo wamisheni wa Kiungani walikuwa wakichapa Msimulizi kwa Kiswahili tangu 1888. Hapa Mombasa East Africa and Uganda Mail ilianza 1899. Lakini mengine yote yalizima. Hili lilibaki, likakua, likazaa.

Mwenye kulianzisha alikuwa Alibhai Mulla Jeevanjee, Mhindi Mwislamu wa Kibohora, mzaliwa wa Karachi, mkandarasi aliyewapelekea wajenzi wa reli ya Uganda chakula na vibarua. Reli ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu nyuma. Mombasa ndiyo iliyokuwa makao makuu ya himaya nzima. Wakubwa wakisukumwa na watu kwenye vigari vya troli, juu ya vyuma vyembamba vilivyotoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Mji wa bandari hauwezi kukaa bila habari za meli, bei na mnada, na Jeevanjee alikuwa mtu wa biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Akaajiri Mwingereza, W. H. Tiller, awe mhariri na mwandishi wake.

Mwaka 1905 akaliuza kwa Waingereza wawili wafanyabiashara, nao wakalipa jina jipya, East African Standard. Mwaka 1910 likahamia Nairobi na kuwa gazeti la kila siku. Nafikiri mara nyingi kuhusu safari ile, makarani na vitabu vya hesabu vikipanda Mazeras kwa reli ileile iliyomtajirisha mwenye gazeti. Serikali nayo ilikuwa imekwisha kuhama. Mombasa ikabaki na bandari yake.

Huko bara gazeti likawa sauti ya walowezi, tena bila kuona haya. Katika ule ugomvi mrefu wa haki za Wahindi, nani akae wapi, nani amiliki ardhi ya milimani, nani apige kura, lilisimama na walowezi. Jeevanjee mwenyewe alikuwa Mhindi wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akitetea watu wake mbele ya Wazungu ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wamesoma gazeti alilolizaa. Alifariki 1936, mali nyingi ikiwa imekwisha kumponyoka. Leo Nairobi wanamkumbuka kwa bustani yenye jina lake, ile ambayo 1991 watu walisimama kidete isigeuzwe maghorofa. Mombasa, mahali alipoweka mtambo wake wa kwanza wa habari, mimi sijaona hata kibao.

Hapa ndipo rafiki zangu huniuliza, na nyinyi pengine mnaniuliza kimoyomoyo: mwalimu, gazeti la walowezi latuhusu nini? Lilitudharau, lilituita majina, liliandikwa kwa lugha ambayo babu zetu hawakuisoma. Si lioze tu?

Nimelifikiria swali hili miaka mingi na silichukulii kama la kipuuzi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ingawa hapa mnyonge hakuwa gazeti, alikuwa ni sisi. Jibu langu ni kwamba aliyekudhulumu akiweka daftari, daftari lile ni lako pia. Mwaka 1908 ilitoka Sheria ya Hati za Ardhi, ikawataka wenye mashamba wa mwambao wapeleke madai yao; ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa ya serikali. Kuna familia hapa Mombasa, Kwale na Kilifi ambazo mpaka leo ni maskwota kwenye mashamba ya minazi iliyopandwa na babu zao. Mijadala ya miaka ile ilisemwaje mjini? Nani alishangilia, nani alipinga, mnada wa shamba gani ulitangazwa lini? Machi 1907 mlowezi Ewart Grogan aliwacharaza viboko Waafrika watatu mbele ya mahakama ya Nairobi, hadharani, Wazungu wenzake wakitazama. Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai kiongozi wao Harry Thuku aachiliwe. Januari 1947 mahamali, makuli na wafanyakazi wa reli waligoma hapa Mombasa mpaka mji ukasimama. Mambo haya yote yaliandikwa siku zilezile na watu waliokuwa upande wa pili. Waliandika bila kuogopa, kwa sababu hawakudhani sisi tutakuja kuwasoma.

Mwanafunzi wangu mmoja, sasa ni wakili, aliwahi kuniambia kwamba kauli ya mpinzani inayokusaidia ina uzito kuliko mashahidi wako kumi. Sijui sheria, lakini historia ni hivyohivyo.

Na pia si kweli kwamba gazeti lilikuwa la Wazungu peke yao. Maneno yalikuwa yao. Mikono haikuwa yao. Niruhusuni niwaeleze kuhusu baba yangu.

Baba alikuwa mpanga herufi katika chapa moja ya hapa mjini, iliyokuwa ikichapa gazeti la Kiingereza na kazi ndogondogo: kadi za harusi, stakabadhi, matangazo ya mnada. Ilikuwa miaka ya hamsini. Magazeti makubwa yalikuwa na mashine za kusubu mistari ya herufi kwa madini ya risasi, lakini kwa kazi ndogo bado mtu alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vidogo vidogo, akaokota herufi mojamoja kwa vidole, akaipanga juu ya kibao cha chuma alichokishika mkono wa kushoto, kichwa chini miguu juu. Baba akisoma Kiingereza kwa namna ile, kwa kinyume, haraka kuliko mimi ninavyokisoma sawasawa. Kukizungumza hakuwa akikijua. Alikuwa akijua umbo la neno, kwamba neno fulani lina miguu miwili inayoning'inia na lingine lina mlingoti katikati. Makosa ya tahajia ya mhariri aliyaona kwa jicho, kama vile fundi wa mkeka aonavyo ukili mmoja uliokaa vibaya. Hakuthubutu kuyasema. Aliyarekebisha kimyakimya.

Sanduku lile la herufi liliagizwa Uingereza, na huko walilijaza kwa hesabu ya Kiingereza. Herufi e zilikuwa nyingi kupita zote, t nyingi, n nyingi. Herufi k zilikuwa chache, w chache, na a hazikutosha kamwe. Kwa gazeti la Kiingereza hakuna taabu. Sasa lije tangazo la Kiswahili! Jaribuni wenyewe kuandika "Wakaaji wa Kikowani wanatakikana kukaa kando ya barabara" halafu mhesabu. Baba alikuwa akifika nusu ya tangazo, k zimekwisha. Ilibidi achape nusu ya kwanza, abomoe, azitumie tena herufi zilezile kwa nusu ya pili. Au aazime k za sanduku jingine, zenye unene tofauti. Kwa hivyo mkiona tangazo la zamani la Kiswahili lenye k nene katikati ya k nyembamba, msidhani ni urembo.

Yeye alifanya na jambo jingine, ambalo namwomba Mungu amsamehe. Alikuwa na k sita zake binafsi. Alizitoa chapani na kuziweka kwenye kikopo cha tumbaku, akawa anakuja nazo kazini mfukoni na kurudi nazo nyumbani, ili mwenzake asije akazitia kwenye kazi ya Kiingereza zikakosekana kwenye ya Kiswahili. Mama alikuwa akimwambia utafungwa kwa ajili ya risasi ya shilingi moja. Baba akijibu, "Hizi ni amana."

Ndiyo maana naposikia kwamba gazeti la Kiingereza la zamani si letu, hunijia mfukoni kama uzito ule wa kikopo.

Nirudi kwenye gazeti lenyewe, maana lilikuwa na ukoo mpana na ukoo huo unawahusu majirani zetu pia. Mwaka 1930 lilizaa Tanganyika Standard pale Dar es Salaam. Mwaka 1955 ikatoka Uganda Argus, gazeti la kila siku, Kampala. Kwa hivyo kwa miaka kadhaa nyumba moja ya magazeti ilikuwa ikiamkia Afrika Mashariki nzima kwa kifungua kinywa, kwa Kiingereza kimoja. Uhuru ulipokuja kila mtoto akachukua njia yake. Kampuni ya Lonrho ya Uingereza ililinunua gazeti la Kenya miaka ya sitini. Tanzania wakalitaifisha la kwao 5 Februari 1970, siku ya kumbukumbu ya Azimio la Arusha, wakamweka mhariri Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa mpigania uhuru wa ANC na ambaye miaka mingi baadaye akawa Spika wa bunge la kwao. Miaka miwili baadaye likaunganishwa na The Nationalist na kuitwa Daily News, na mmoja wa wahariri wake, Benjamin Mkapa, akaja kuwa Rais. La Kampala, Amin alilibadilisha likawa Voice of Uganda. Hayo kwa ufupi. Kila moja lina hadithi ya kujaza barua nyingine.

Lakini kuna mtoto mmoja wa nyumba ile nisiyeweza kumpita, naye ni Baraza. Lilianzishwa na East African Standard mwaka 1939, vita vikinukia, kwa Kiswahili, na mhariri wake alikuwa Francis Khamisi, mtu wa pwani yetu, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha siasa cha KAU (Kenya African Union). Lilikufa 1979. Wazee niliowakuta hapa Mji wa Kale walikuwa wakilisubiri Baraza kama unavyosubiri mwezi wa Ramadhani, na barua za wasomaji wake, mashairi yake, majibizano yake ya "Bwana Mhariri, niruhusu nafasi katika gazeti lako", ni hazina ya lugha ambayo hakuna chuo kingeweza kuitunga. Nalo limelala mahali fulani, limefungwa kwa kamba.

Na pembeni ya nyumba ile kubwa kulikuwa na zile ndogo zilizokuwa zikijibu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa hapa Mombasa 1930, halafu Al-Islah 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwaambia Waislamu wenzake waziwazi jinsi walivyolala. Nairobi, Girdhari Lal Vidyarthi alikuwa na Colonial Times, na alifungwa kwa uchochezi. Huwezi kumwelewa anayejibu kama hujasikia alichoambiwa. Kwa hivyo ninapoomba Standard, naomba na hawa.

Sasa niwaeleze nilichokiona.

Mwaka juzi nilikwenda kwenye maktaba moja ya umma, sitaitaja wala sitasema iko mji gani, kwa kuwa kijana aliyenihudumia alikuwa muungwana na sipendi aje aulizwe. Niliomba majalada ya zamani ya gazeti hili. Akapotea kama nusu saa, akarudi na jalada moja ndani ya kiroba cha mchele, limefungwa kamba ya katani. Akalitua mezani polepole kama anayemlaza mtoto. Jalada lilipofunguka likatoa vumbi la rangi ya kahawa, na kingo za kurasa zikaanza kumeguka zenyewe, bila kuguswa, zikaanguka mezani kama majani makavu ya mwarobaini. Karatasi ya gazeti ni ya mti uliosagwa, ina asidi ndani yake. Hata usipoigusa hujila yenyewe. Ongeza joto la kaskazi, ongeza unyevu wa kusi, ongeza chumvi ya hewa yetu.

Halafu mchwa. Waliingilia nyuma ya jalada, wakatoboa tundu moja. Ukurasa wa mwisho tundu lilikuwa pana kama sahani ya kikombe. Nilikuwa nikifungua kurudi nyuma, tundu likipungua, likawa kama shilingi, likawa kama punje ya mtama, mahali palepale kila ukurasa. Na mahali palepale ndipo kila wiki palipokuwa safu ya meli. Nilisoma: meli imewasili kutoka Bombay, imeteremsha abiria, imeteremsha shehena ya... na tundu. Wiki ya kabla yake: imeng'oa nanga kwenda... na tundu. Babu yangu mzaa mama aliingia bandari ya Mombasa kwa meli, na mwaka aliofika ndio niliokuwa nikiutafuta. Sijui kama jina la meli yake liliandikwa. Kama liliandikwa, limeliwa.

Niliomba kutoa kopi. Kijana akasema ukurasa ukibinuliwa kwenye mashine utavunjika, na kweli. Niliomba kupiga picha kwa simu. Akasema inahitaji barua ya mkubwa, na mkubwa yuko likizo. Nikaandika kwa penseli nilichoweza mpaka saa kumi, wakafunga.

Waheshimiwa, gazeti hilihili nilikuja kuambiwa lipo zima, kwenye filamu za kunakilia kurasa (microfilm) na kwenye karatasi, katika Maktaba ya Uingereza, ambayo stoo yake kubwa ya magazeti iko Boston Spa, Yorkshire. Filamu zake zipo na Chicago. Mpwa wangu anaishi Leeds, mwendo mfupi tu kutoka huko. Kijana wa Majengo huyo, amekulia kwenye vichochoro vya Majengo. Akachukua siku ya mapumziko, akavaa koti mbili, akaenda kumsomea shangazi yake habari za Makadara na Ndia Kuu katika kijiji cha Waingereza. Jioni akaniandikia kwa WhatsApp: "Shangazi, huku hata kelele ya feni hakuna, na karatasi wanaziwekea baridi yao maalumu." Mimi nilikuwa kibarazani, umeme umekatika, najipepea kwa ukurasa wa gazeti la juma lililopita. Nikamjibu asante.

Siwalaumu Waingereza kwa kutunza. Nawalaumu wanaosema kwamba kwa kuwa wao wametunza, sisi tumestarehe. Nilijaribu na njia ya mtandao: tovuti moja ya ng'ambo ikanitaka nilipe kwa dola kila mwezi ili nisome mji wangu. Pensheni ya mwalimu mnaijua.

Basi nini kifanyike? Mheshimiwa Gavana, naanza na wewe kwa sababu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezitia maktaba na makumbusho mikononi mwa kaunti. Sikuombi jengo jipya. Majengo mapya tunayajua yanavyoishia, msingi na ubao wa mkandarasi. Naomba chumba kimoja katika jengo lililopo, chenye kiyoyozi kisichozimwa saa kumi na moja jioni, kompyuta nne, na mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo, si jamaa ya mtu. Chumba hicho kisiwe na sharti la barua kutoka kwa mkubwa. Mwanafunzi, mvuvi, mzee anayetafuta shamba la babu yake, wote waingie kwa kitambulisho.

Mkurugenzi wa Makavazi, nyinyi mna jengo zuri pale Moi Avenue, lililokuwa benki, na mna wataalamu. Naomba nakala za kidijitali za kila mlichonacho cha magazeti ya pwani zije Mombasa. Nakala tu. Asili bakini nazo, mtazitunza kuliko sisi kwa sasa, nakubali. Palipo na pengo, andikeni kwa wenzenu wa London na Chicago. Maktaba kwa maktaba husikilizana upesi kuliko mwalimu mstaafu na tovuti. Na mkifanya hivyo waulizeni wenzetu wa Dar es Salaam na Kampala, maana Tanganyika Standard na Uganda Argus ni ndugu wa tumbo moja na hili, na mtafiti hufuata ukoo mzima.

Nanyi wenye gazeti. Nafahamu kumbukumbu zenu ni mali, na magazeti siku hizi hayana faida ya kuchezea. Picha za 1980 uzeni, mna haki. Lakini matoleo ya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, walioyaandika wamekufa wote na biashara walizozitangaza zimekufa; sioni ni nani atakayewashtaki mkiyafungua bure. Nyinyi wenyewe mnajua thamani ya karatasi. Usiku wa kuamkia 2 Machi 2006 askari waliofunika nyuso walivamia mtambo wenu wa uchapaji, wakachoma magazeti ya asubuhi ile yakiwa bado na joto la mashine, na nchi nzima ikapiga kelele, mimi nikiwemo; niliwatoa wanafunzi wa kidato cha nne uwanjani nikawaeleza ni kwa nini serikali inayochoma gazeti inaogopa. Kelele zile zilikuwa kwa ajili ya toleo la siku moja. Matoleo ya miaka mia na zaidi yanaliwa na mchwa, na mchwa hawafuniki nyuso.

Novemba 2027 gazeti hili litatimiza miaka 125. Najua kutakuwa na keki, na hotuba, na picha kubwa za waheshimiwa. Naomba sherehe moja ifanyike Mombasa, na iwe ya kufungua chumba hicho. Mkitaka na kibao cha ukumbusho, kiandikeni kwa Kiswahili kwanza, halafu Kiingereza na Kigujarati, na kiwe na jina la Jeevanjee. Na kama itafaa, chini kabisa, kwa herufi ndogo, mtaje wapanga herufi. Majina yao hayakuandikwa popote kwenye magazeti waliyoyapanga. Wengi walikuwa Wagoa, Wahindi, Waswahili, Wamijikenda, na watoto wao bado wapo mitaani. Ukiuliza Kibokoni, Bondeni na Makadara utawapata. Mimi nimeanza kuwaorodhesha, nina daftari, na niko tayari kulitoa.

Kikopo cha tumbaku ninacho pia. Baba alipofariki zilibaki k zote sita. Mbili mjukuu wangu alizitumia kama vipande vya dama zikapotea kwenye mtaro. Nne zilizobaki nimezifunga kwa kitambaa cha pamba na zitakaa chumbani mwangu mpaka chumba chenu kifunguliwe. Yeyote kati yenu akitaka kuziona kabla ya hapo, afike Kibokoni baada ya alasiri, aulize nyumba ya mwalimu. Kahawa ipo.

Wenu mtiifu,
Mwalimu mstaafu, binti wa mpanga herufi
Kibokoni, Mombasa